Kidevu Kifuani

Jumanne saa nne Kitheka alikunywa uji wake wote, akarudi kwenye dirisha la jikoni na kikombe kitupu, akajipiga tumbo kama ngoma. "Mama, hapa bado kuna nafasi," akasema. Wakio akacheka, akamwongezea nusu upawa. Saa nane mtoto huyo wa darasa la nne alilaza kichwa juu ya dawati, akamwambia mwalimu kwamba mwanga wa dirishani unamchoma macho. Jumatano kabla jua halijazama alikuwa amekufa hospitalini. Waliomwona walisema shingo ilikuwa imekakamaa kama gogo, na kichwa kimevutwa nyuma, hata kumlaza chali ilikuwa kazi.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na tisa, kiangazi, vumbi la Voi likiingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Redio ilikuwa imeitaja homa ya uti wa mgongo miezi kadhaa, lakini iliitaja Nairobi, na watu wa Voi walisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za mvua ya nchi nyingine. Sasa mvua hiyo ilikuwa imenyesha kwao.

Wakio alikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi iliyo chini ya kilima cha Sagalla. Mume wake, fundi wa reli, alikuwa amelala kaburini mwaka wa saba. Nyumbani alibaki yeye na mjukuu wake Mable, wa darasa la pili, mtoto wa binti yake Tryphena aliyekuwa Mombasa. Mable alikuwa ndiye sauti ya nyumba ile. Asubuhi akiamka anaimba, akiosha uso anaimba, na akinyamaza Wakio hutoka nje kuangalia kuna nini.

Ijumaa afisa wa afya, Bwana Maundu, alifika na pikipiki yake, akawakusanya walimu na wafanyakazi. Alisema ugonjwa huu hupita kwa mate: kwa kukohoa, kwa kupiga chafya, kwa kunywea kikombe kimoja. Wengine walitikisa kichwa wakaenda zao. Wakio aliyashika maneno hayo kama amri kumi. Tangu siku hiyo akawa anasimama dirishani na mwiko mkononi, macho hayatulii.

"Wewe! Hicho kikombe cha nani?"

"Cha ndugu yangu."

"Ndugu yako ana mdomo wake na wewe una wako. Rudi nyuma. Kikombe chako kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Basi na uji wako umepotea. Nenda kakitafute, uji utakungoja."

Watoto wakampa jina, Askari wa Vikombe. Walilisema mbali na dirisha, lakini yeye alisikia, na hakukasirika. Kila kikombe kilichoinuliwa alikiona mkononi mwa Kitheka.

Jumatatu walikuja wa chanjo. Walipanga meza chini ya ukumbi, na mbele ya meza akakaa Sista Alice, muuguzi, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Wakio alimjua vizuri. Kanisani Alice ndiye aliyekuwa katibu wa chama cha akina mama, na kwenye kwaya walisimama bega kwa bega miaka minne. Siku hiyo Alice hakuwa na nyimbo. Alichoma mikono mia nne na zaidi. Watoto walilia, wakatania waliolia, kisha wakalia wao. Mable alikaza uso, akauma kola ya sare yake, hakutoa chozi.

"Huyu ni wa nani, askari hivi?" Alice akauliza.

"Wa Askari wa Vikombe," mtoto mmoja akajibu kwenye foleni, na kicheko kikapita kama upepo. Kilikuwa kicheko cha kwanza shuleni tangu mazishi.

Baada ya sindano walichagua watoto arobaini kwa namba za rejista, pamoja na walimu na wafanyakazi wote, wakawasugua kooni kwa kijiti chenye pamba. Mable namba yake haikutoka. Zamu ya Wakio ilipofika, Alice alimshika kidevu.

"Fungua kinywa, Mama Tryphena. Sema aaa."

Wakio nusura atapike. Akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Na mimi mnanitafutia nini? Siumwi chochote."

"Ndiyo maana tunatafuta. Kuna watu mdudu huyu anakaa tu kooni mwao, hawaumwi hata kichwa. Anaweza kukaa wiki, anaweza kukaa miezi. Kisha anapita kwa mtu mwingine, na huyo mwingine anaingiwa damuni. Vijiti hivi vitapanda gari la moshi leo, viende Mombasa vipimwe. Majibu wiki ijayo."

"Na watoto sasa wako salama?"

"Leo sindano imeingia. Mwili nao una kazi yake ya kujenga kinga. Uupe kama siku kumi hivi."

Wakio alihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa aproni. Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Alipokuwa akihesabu hakujua kwamba Jumatano, siku ya pili tu, Ndunge angetolewa darasa la pili amebebwa. Ndunge alikuwa anakaa dawati moja na Mable. Wakio alimwona akipitishwa mbele ya jikoni mikononi mwa mwalimu, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, na shingo, ile shingo, imegoma kulala begani mwa mwalimu kama shingo ya mtoto inavyolala. Mwiko ukamtoka mkononi ukazama kwenye sufuria.

Nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa mtu wa sala. Hata kwenye moshi wa jikoni alisali. Lakini jioni hiyo maneno yalikwama. Kila alipofika kwenye "utusamehe kama sisi tunavyowasamehe" aliona barua.

Barua ilikuwa ya Tryphena, ya mwezi wa saba. Tryphena aliandika kwamba anaolewa na mtu wa bandarini, mtu ambaye hata jina lake lilikuwa geni, na kwamba Krismasi hatakuja, na Mable aendelee kukaa huko huko mpaka mambo yatengenezeke. Miaka miwili mtoto alikuwa akiambiwa mama anakuja. Wakio aliichana barua vipande vipande akaitia motoni. Waliomuuliza kanisani aliwaambia, "Nimeshamsamehe, ni mwanangu." Uongo. Hasira ilikuwa bado imemkalia kifuani kama jiwe la kusagia, na hakumwambia mtu.

Sasa, Wakio alikuwa Mdawida, yaani Mtaita, amezaliwa juu milimani upande wa Wundanyi, na alijua wazee wake walisema nini juu ya hasira ya namna hiyo. Mzazi akimficha mwanawe hasira moyoni, hata asipolaani, hata asipotamka neno, hasira hiyo hutoka yenyewe ikatafuta mtoto wa nyumba ile. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira huchukua maji au maji ya muwa kinywani, huyapuliza nje, na kwa kila pulizo huitaja hasira yake na kuifukuza, na kumtakia mtoto amani. Wakio aliwahi kufanyiwa na nyanya yake mwenyewe alipougua surua. Mpaka leo alikumbuka ule ubaridi usoni. Lakini siku aliyowekewa mikono na askofu, msichana wa miaka kumi na minne, alisimama mbele ya kanisa akasema ameyaacha mambo hayo. Na kweli aliyaacha, miaka arobaini na mbili.

Alhamisi alfajiri, kabla hajaenda kuwasha moto wa uji, alimwamsha Mable, akamkalisha kwenye kigoda uani. Akateka maji ya mtungi kwa kibuyu kidogo. Akayatia kinywani.

Pulizo la kwanza lilimpata Mable kwenye paji la uso. "Kama nina hasira na mama yako, itoke." La pili kwenye kifua. "Iende na maji haya, isikuguse." La tatu lilitoka kwa nguvu kuliko yote, na mtoto, ambaye usingizi ulikuwa haujamwisha, alikuwa anapiga mwayo. "Uwe na amani. Uishi. Uishi, mjukuu wangu."

Mable alikohoa, akajipangusa macho na mdomo. "Nyanya! Umenitemea!"

"Sikukutemea. Nimekubariki."

"Mpaka ndani ya mdomo?"

"Nyamaza. Na usimwambie mtu."

Ajabu ni kwamba siku hiyo Wakio alitembea mwepesi. Jiwe lilikuwa limeondoka kweli. Baada ya kazi aliketi akamwandikia Tryphena mistari minne, bila neno kali hata moja, akamwambia huku kuna ugonjwa, njoo umwone mtoto. Akaipeleka posta mwenyewe.

Wepesi huo ulidumu mpaka Jumatatu.

Sista Alice alikuja shuleni saa tatu na karatasi moja. Alimwita Wakio nyuma ya stoo, pale kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama Tryphena, keti."

"Nikiketi uji utaungua. Sema tu."

"Majibu yamerudi. Katika wale arobaini, watoto sita wana yule mdudu kooni. Wazima kabisa, wanacheza mpira. Katika wafanyakazi ni mmoja tu." Alice alimtazama. "Ni wewe."

Wakio akajigusa koo kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayegusa mlango ambao nyuma yake kuna nyoka.

"Mimi ninayeosha vikombe kwa maji ya moto?"

"Si kosa lako. Hakuna ajuaye ameupata wapi. Uji umechemka, uji hauna neno. Utameza vidonge hivi vyekundu, asubuhi na jioni, siku mbili, mdudu ataondoka. Utaona mkojo umekuwa mwekundu, na hata machozi, usiogope." Alice akahesabu vidonge kwenye bahasha. "Sasa nisikilize. Vidonge vyenyewe ni vichache, nimepewa vya hao saba na vya ziada kidogo. Mable amechanjwa, lakini siku kumi hazijafika, kinga yake bado inajengwa. Nikuulize, na unijibu kweli. Siku hizi mmegawana kikombe? Unamtafunia chakula? Kuna mate yako yaliyomfika mdomoni au usoni?"

Swali lilikuwa wazi kama kisima. Wakio alifungua kinywa. Mbele yake hakuona kofia ya muuguzi. Aliona kitambaa cha buluu ambacho Alice huvaa Jumapili, na daftari la chama, na akina mama thelathini wamegeuza shingo kumtazama aliyerudia mambo ya kale.

"Hapana," akasema. "Kila mtu na kikombe chake. Si unanijua?"

"Nakujua," Alice akasema, akafunga bahasha. "Ndiyo maana sina wasiwasi. Lakini umwangalie. Akipata homa, au akishindwa kuinamisha kidevu kikafika kifuani, usingoje hata dakika."

Alhamisi, Wakio akawaza alipokuwa akikoroga uji. Alhamisi ilikuwa siku ya tatu. Nilimpulizia siku ya tatu, na ukuta wa kinga yake haujafika hata magotini. Nilimtilia mdudu kinywani kwa kinywa changu mwenyewe, nikamwambia aishi.

Tangu saa hiyo ikawa ni kidevu tu. Mable akitoka darasani kuja kunywa uji: "Njoo hapa. Inamisha kidevu. Kifike kifuani. Haya." Akirudi nyumbani: "Inamisha." Kabla ya ugali, baada ya ugali. Akiwa anafunga kiatu. Akiwa chooni, nyanya yuko mlangoni: "Mable, kidevu!" Mtoto alifanya kwa kucheka mwanzoni, kisha kwa kununa, kisha bila kusema kitu. Wakio alimgusa paji la uso mpaka hakujua tena joto ni la nani, la mtoto au la kiganja chake.

Jumanne jioni alikwenda bombani kuteka maji. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mumbe, mfanyabiashara wa nyanya na vitunguu sokoni, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alivuta ndoo zake pembeni.

"Pita, pita mama, sisi tutangoja. Tumeambiwa wewe una mgeni kooni."

"Nimemeza dawa, Mumbe."

"Na usiongee basi! Ukiongea si ndiyo anaruka?" Wanawake wawili wakacheka. Mumbe mwenyewe hakucheka hasa. Macho yake yalikuwa na woga mtupu. "Nisamehe, Mama Tryphena. Nina watoto watano pale shuleni. Ndunge ni mtoto wa dada yangu. Jana ameamka, wanamwita, hageuki. Masikio yamekufa. Daktari anasema hayatarudi."

Wakio alijaza ndoo yake akaondoka. Njia nzima alimsikia Mable akiimba nyumbani, hata kabla nyumba haijaonekana, na hakujua kama anaimba kweli au ni masikio yake yanayokumbuka. Aliwaza nyumba ile bila wimbo. Aliwaza mtoto anayeitwa na hageuki. Na hata hivyo hakwenda kwa Alice. Alijiambia kesho. Alijiambia dawa aliyomeza imeshamsafisha. Akajiambia Mungu anajua nia yake.

Jumatano, siku ya tisa, Mable hakuimba.

Wakio alisimama mlangoni na kibatari mkononi, nje kukiwa kumeanza kupambazuka. Mtoto alikuwa amejikunja ukutani. Mwili unawaka.

"Mable. Kidevu."

"Siwezi, nyanya. Shingo inauma."

Hakukumbuka baadaye alivyomfunga mgongoni, mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu inayomgonga magoti. Alikumbuka barabara tu, na vumbi, na filimbi ya gari la moshi linalotoka Mombasa kuingia stesheni, na jinsi kichwa cha Mable kilivyokuwa kizito begani mwake. Alikuwa anakisikiliza kwa bega lake kama kinalala au kimegoma. Sala yake ilikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "mimi". Si yeye, mimi.

Hospitalini Alice ndiye aliyempokea. Alimlaza Mable kitandani, akaweka kipimajoto kwapani, akajaribu kuinua kichwa chake. Mable akalia. Alice akageuka kwenda kumwita daktari.

"Sista."

"Ngoja, mama, nakuja."

"Sista, simama. Jumatatu nilikudanganya."

Alice akasimama. Pale kwenye korido palikuwa na watu, mama mmoja ananyonyesha, mzee amefungwa mguu. Wakio aliwaona wote, akajua watasikia wote, akasema kwa sauti ile ile ya dirishani.

"Alhamisi ile nilimfanyia kutasa. Kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya mama yake. Nilitia maji kinywani nikampulizia usoni, na mengine yakaingia mdomoni mwake. Mara tatu. Uliponiuliza niliona haya ya kanisa, nikasema hapana."

Mzee wa mguu akainamisha macho.

"Ningempa vidonge siku hiyo hiyo," Alice akasema.

"Najua."

"Siku mbili nzima, Mama Tryphena."

"Najua. Nipige ukitaka, lakini mtibu."

Alice akavuta pumzi. "Ya kanisa utayapeleka mwenyewe, ukipenda. Mimi hapa nimevaa kofia ya hospitali. Umenieleza jambo ambalo daktari anatakiwa kulijua." Akaondoka akikimbia, na Wakio hakuwahi kumwona akikimbia.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsugua Mable kooni kwa kijiti, akamchoma sindano ya dawa papo hapo, akasema hawezi kungoja majibu. Halafu akasema lazima atoe maji ya mgongo. Wakio alikuwa amesikia bombani kwamba anayetolewa maji ya mgongo hatembei tena. Alitazama miguu ile mirefu ya Mable, akatia kidole gumba kwenye karatasi ya idhini waliyomletea, ingawa alijua kuandika jina lake.

Walimkunja mtoto kama kamba wa baharini, magoti kidevuni. Alice alimshika. Wakio alisimama nje ya pazia, akasikia Mable akiita, "Nyanya! Nyanya! Nimeshainamisha! Nimeshainamisha kidevu!" Alishika nguzo ya mlango mpaka kucha zikauma.

Pazia likafunguka. Daktari alikuwa ameinua kichupa kidogo kuelekea dirishani.

"Uone," akamwambia. "Ya ugonjwa ule huwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. Haya yametulia. Tutayapima, lakini kwa macho yangu haya ni maji safi."

Wakio alitazama. Yalikuwa angavu kama machozi.

Saa sita walileta majibu ya damu. Malaria. Maji ya mgongo hayakuwa na mdudu. Daktari akarudi kumshika Mable shingo, safari hii taratibu, akibonyeza upande huu na huu.

"Hapa ndipo panapouma? Nyama za nyuma? Ulibeba mzigo?"

"Hapana," Mable akasema, sauti imekauka. "Ni nyanya. Ananiambia niinamishe kidevu. Jana nilihesabu, mara thelathini na moja."

Alice akageukia dirisha, mabega yakamtikisika. Daktari alimtazama Wakio, akashindwa kujizuia. Wakio peke yake hakucheka. Alikaa chini sakafuni, pale pale, akafunika uso kwa leso, na machozi yaliyotoka yakaacha madoa ya rangi ya chungwa kwenye kitambaa, kwa sababu ya vidonge vile, kama Alice alivyomwambia.

Tryphena alifika Ijumaa kwa gari la asubuhi, barua ya mama yake mkononi. Wakio alimwambia yote uso kwa uso, kuanzia barua iliyochomwa mpaka kibuyu. Lilipofika jambo la hasira alilisema kwa mdomo mkavu: ulinikasirisha, na bado kidogo umenikasirisha, na mtoto huyu ana haki ya kujua unamchukua au humchukui. Tryphena alilia. Kisha akasema atakaa wiki mbili, na mwezi wa kumi na mbili atakuja na huyo mtu wa bandarini ili Wakio na Mable wamwone. Ilikuwa ahadi tu. Wakio aliipokea hivyo.

Jumatatu Alice alipita nyumbani na karatasi nyingine, hakukaa.

"Koo la Mable limejibu," akasema. "Anaye. Yule yule mdudu wako."

Kikombe cha chai kikabaki hewani mkononi mwa Wakio. "Mlisema ni malaria."

"Ilikuwa malaria. Mdudu amekaa kooni tu, kwenye damu hakuingia. Chanjo haimfukuzi aliyeko kooni, inamzuia asipite kwenda ndani. Kinga imeshika." Alice akaweka bahasha ya vidonge vyekundu mezani. "Hivi vilikuwa vyake tangu wiki iliyopita."

"Kwa hiyo nilimpa mimi."

"Sijui. Huenda ulimpa Alhamisi ile. Huenda alikuwa naye tangu zamani, alimtoa darasani kwenye dawati la Ndunge akakuletea wewe. Karatasi haisemi nani alianza."

"Hakuna kipimo cha kusema?"

"Hakuna."

Wakio aliitikia kwa kichwa. Alijua hilo atatembea nalo. Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe mbele ya akina mama, akasema alichofanya na alichoficha. Wengine walimshika mkono, wengine hawakumshika. Mumbe alianza kuweka ndoo zake karibu na zake tena, siku baada ya siku, hatua moja moja. Na Ndunge alirudi darasani kukaa na Mable, ambaye sasa alimwambia mambo yote kwa vidole na kwa midomo iliyofunguliwa wazi bila sauti.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumanne hiyo, baada ya vidonge vya kwanza, kelele ilitoka chooni: "Mama! Nyanya! Njooni muone, nakojoa sharubati!" Na Tryphena akacheka mpaka akakaa.

Wakio hakulala vizuri, hakulala vizuri wiki nyingi. Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla ya jogoo, anasikiliza. Alikuwa ameapa kutouliza. Mable akafumbua macho, akamwona pale amesimama, mikono imeshikana. Akaketi kitandani, akainamisha kidevu chake taratibu mpaka kikagusa kifua, akakaa hivyo kidogo ili aonekane vizuri.

"Haya," akasema. "Na wewe, nyanya."

Wakio akainamisha cha kwake.